Kubobea kwenye utitiri: kazi ipo Arusha na Moshi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimemaliza shahada ya kwanza ya zoolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na sasa niko nyumbani, Usa River. Najitolea kwenye kliniki ya mifugo, na kinachonivuta kuliko vyote ni kuangalia upele wa mbwa kwenye hadubini. Nataka kuwa mtafiti wa utitiri, vile vidudu vidogo sana vya jamii ya kupe, unaoishi kwenye miili ya wanyama na watu. Nyumbani wananiuliza hiyo ni kazi gani na nani ataniajiri. Je, kazi ipo huku kwetu? Nisome nini sasa? Na hiki kiakiba nilichonacho, ninunue hadubini?

JIBU: Marahaba. Kazi ipo, ila hutaikuta ikitangazwa kwa jina hilo. Kwenye Ajira Portal utaona matangazo ya afisa utafiti, mkufunzi msaidizi, mteknolojia wa maabara au afisa wanyamapori. Utaalamu wa utitiri unaingia nao wewe mwenyewe, ndani ya cheo chenye jina lingine. Anayelipwa kwa kuujua utitiri analipwa kwa sababu utitiri huo unamsumbua mtu fulani: mgonjwa, mfugaji, mfuga nyuki au hifadhi. Ndiyo maana, kabla ya kuchagua chuo, chagua mwenyeji, yaani kiumbe ambaye utitiri wako unaishi kwake. Mwenyeji ndiye anayeamua usome nini, uombe kibali ofisi gani na ubishe hodi mlango upi. Vijana wengi huanza kinyume. Wanapenda utitiri wote kwa jumla, wanaandika andiko la utafiti lisilo na mwenyeji, na wanakosa msimamizi.

Ukichagua binadamu, elekea Moshi. Pale hospitali ya KCMC pana kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na jirani yake ipo taasisi ya utafiti wa kitabibu ya Kilimanjaro, KCRI. Upele wa binadamu unaletwa na Sarcoptes scabiei. Jike lake lina urefu wa milimita 0.3 hadi 0.45, dume ni kama nusu ya hapo. Jike huchimba handaki kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi, hutaga mayai mawili au matatu kwa siku na kuishi wiki nne hadi sita. Yai huanguliwa baada ya siku tatu au nne, na safari ya kutoka yai hadi utitiri mpevu huchukua wiki mbili hivi.

Zingatia idadi. Mgonjwa wa kawaida ana utitiri 10 hadi 15 tu mwili mzima, huku yule mwenye upele wa magamba anaweza kuwa na maelfu, hata mamilioni. Kwa hiyo asiyezoea hukwangua mahali pamoja, huona slaidi tupu, huandika kwamba hakuna kitu, na mgonjwa hurudi bwenini kuwaambukiza wenzake. Halafu kuna suala la muda. Kwa anayeambukizwa mara ya kwanza mwasho huchelewa wiki nne hadi sita, na akiambukizwa tena huanza ndani ya siku moja hadi nne. Mwanafunzi anayejikuna leo ameshalala kitanda jirani na wenzake mwezi mzima. Dawa nazo zina mipaka yake: ivermectin haiui mayai, na ndiyo sababu dozi hurudiwa baada ya siku 7 hadi 14. Losheni ya BBE (benzili benzoeti) nayo hushindwa pale mtu anapoipaka sehemu zinazowasha tu badala ya mwili mzima, au anapotibiwa peke yake huku nyumba nzima ikiachwa. Hapo pana maswali ya utafiti ya kumtosha mtu miaka kumi.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyokuwa hayapewi kipaumbele. Hilo linawapa watafiti hoja nzito ya kuombea fedha. Lakini wewe ni mtu wa zoolojia, kwa hiyo hutapima wala kuandikia watu dawa. Nafasi yako kwenye timu ya Moshi ni maabara, vinasaba na takwimu, na ni nafasi halisi, kwa sababu madaktari wa ngozi wana foleni ya wagonjwa na hawana muda wa kukaa na slaidi kwa muda wa saa nne.

Ukichagua wanyamapori, makao makuu ya TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, yako hapo hapo Arusha. Upele wa Sarcoptes umeonekana kwa duma, simba, nyumbu na swala tomi kwenye ikolojia ya Serengeti na Masai Mara. Upande wa Kenya, vinasaba vya utitiri wa duma vililinganishwa na vya utitiri wa swala tomi na vikaonekana kuwa vya kundi moja. Vivyo hivyo kwa simba na nyumbu. Maana yake mwindaji huupata upele kutoka kwa windo lake. Uganda nako, mwaka 1996, upele uliwaingia sokwe wa milimani wa Bwindi, na mtoto mmoja wa sokwe akafa. Eneo hili linavutia sana, na shahada yako inaingia moja kwa moja. Tatizo ni sampuli. Duma mwenye upele humfikii kwa kumtaka tu. Mpaka daktari wa wanyamapori amlaze kwa dawa, au akutwe amekufa. Mwaka unaweza kupita ukiwa na tyubu chache mkononi na ufadhili unakwisha. Fanya wanyamapori kuwa mradi wako wa pili, ukiwa na mwingine unaotembea kila wiki.

Mradi huo unaotembea, kwa maoni yangu, uwe mifugo, na ndani ya mifugo usidharau kupe. Kupe ni ndugu wa damu wa utitiri, wote ni kundi moja la Akari, na maarifa ya kuwatambua ni yale yale: sehemu za mdomo, miguu, matundu ya kupumulia, nywele za mwili. Ila fedha ziko kwa kupe. Kupe wa masikio, Rhipicephalus appendiculatus, ndiye anayesambaza ndigana kali, na hakuna mfugaji wa Monduli wala Longido anayehitaji kuelezwa hasara yake. Ukiweza kumtambua kupe mpaka spishi, maabara ya veterinari ya TVLA kanda ya Arusha, chuo cha mifugo cha LITA Tengeru na miradi ya Taasisi ya Nelson Mandela (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia) watakuwa na sababu ya kukuita. Kupe watakulipia karo wakati utitiri unaendelea kuwa moyo wako. Sioni aibu yoyote katika hilo.

Kuku nao wanafaa kwa kuanzia, kwa sababu hawahitaji safari. Utitiri mwekundu wa kuku, Dermanyssus gallinae, hunyonya usiku na mchana hujificha kwenye nyufa za banda, kwa hiyo anayemkagua kuku mchana hawaoni. Viringisha kipande cha boksi lenye mikunjo ndani, kifunge chini ya fito wanazolalia, kiache siku moja au mbili, kisha kitie kwenye mfuko wa plastiki na ukigandishe kabla ya kuhesabu. Joto likiwa zuri huu huzaliana kizazi kipya ndani ya wiki moja hivi, na unaweza kukaa bandani miezi kadhaa bila kula. Ndiyo maana mfugaji anayepumzisha banda wiki mbili kisha akaingiza vifaranga hushangaa kuukuta tena. Utitiri wa mimea, kama ule wa nyanya, ni wa watu wa TPHPA Ngaramtoni, mamlaka ya afya ya mimea, na TARI Tengeru, taasisi ya utafiti wa kilimo. Haumo kwenye swali lako, lakini ukikosa nafasi kwingine, mkono uliozoea slaidi unakubalika kule pia.

Sasa mkono wenyewe. Hapa ndipo mtu anapojulikana kama ni mtafiti au ni mpenzi wa picha tu, na unaweza kuanza wiki hii pale kliniki, chini ya daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Hakikisha kwanza umechanjwa kichaa cha mbwa, na usimshike mbwa asiyejulikana historia yake. Vaa glavu, kwa kuwa upele wa mbwa nao humwasha mtu kwa muda.

Anza kwa kusugua ukingo wa sikio la mbwa kwa vidole. Mguu wa nyuma ukianza kupiga hewani kama anayejikuna, dalili ya Sarcoptes ni nzito. Mahali pa kukwangua ni ukingo wa sikio, kiwiko na kisigino, penye magamba mapya ambayo hayajakwaruzwa. Usichukue katikati ya kidonda cha zamani, kwa kuwa utitiri umeshaondoka hapo. Weka tone la mafuta ya parafini ya duka la dawa (si mafuta ya taa) kwenye ngozi na lingine kwenye slaidi. Shika kisu cha upasuaji kilichofifia makali, kikisimama wima kwenye ngozi, kwangua kufuata nywele zinakolala mpaka vitone vidogo vya damu vianze kuchomoza. Ukiishia kwenye magamba ya juu utakosa. Fanya sehemu kadhaa, hata kumi. Na hata hapo, slaidi tupu haimtoi mbwa kwenye upele. Wengi wenye Sarcoptes hukwanguliwa bila kuonekana kitu. Andika "haukuonekana", usiandike "hana".

Kwa Demodex, utitiri unaoishi kwenye vishimo vya nywele, utaratibu unabadilika: minya ngozi kwa vidole kabla ya kukwangua ili utitiri utoke humo. Utauona mrefu mwembamba, na miguu minane mifupi imebanana upande wa mbele.

Weka lenzi ya nguvu ndogo kwanza, punguza mwanga kwa kufunga kidirisha cha chini ya meza ya hadubini, kisha pita slaidi nzima kwa mistari, kona hadi kona. Mwanga mkali ndio kosa la kawaida kuliko yote: mwili wa utitiri unapitisha mwanga, ukiumulika sana unapotea machoni. Sarcoptes utauona wa duara, mgongo una vijiba vya pembetatu, na miguu miwili ya mbele kila upande ina vikonyo virefu visivyo na viungo, kila kimoja kikiishia na kikombe cha kunatia. Tundu la haja liko mwisho wa mwili. Likiwa juu ya mgongo, na mistari ya ngozi imezunguka kama alama za kidole, huo ni Notoedres wa paka. Vikonyo vikiwa virefu vyenye viungo, ni Psoroptes; vikiwa vifupi, fikiria Chorioptes. Chora kila unachokiona kwa penseli, hata kama una simu yenye kamera nzuri. Mkono unaochora hulazimisha jicho kuhesabu nywele.

Gamba likiwa nene, tia makwangua kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 ili ngozi iyeyuke. Ukiyasahau humo, utitiri nao unaanza kuharibika. Kwa kuhifadhi, ethanoli ya asilimia 70 hadi 80 inatosha kama lengo ni umbo. Kwa vinasaba tumia asilimia 95 au zaidi, na iweke kwenye friza. Formalini usiiguse: huvuruga vinasaba, na sampuli ya namna hiyo hairekebishiki.

Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi nene na iingie ndani ya tyubu pamoja na utitiri. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli, na lebo ya nje hubanduka ndani ya friji. Iandike hivi: Tanzania, Arusha, Meru, Usa River, viwianishi vya GPS, mbwa, ukingo wa sikio la kushoto, tarehe, jina lako, asilimia ya ethanoli. Utitiri usio na mwenyeji, mahali na tarehe hauna thamani kwa mtu yeyote, hata ukiwa spishi mpya.

Slaidi ya kudumu hutengenezwa hivi. Utitiri unaingizwa kwenye asidi ya laktiki yenye joto la nyuzi 40 hadi 50, saa kadhaa au siku kadhaa kutegemea ugumu wake, mpaka viungo vya ndani vififie na ganda libaki safi. Kisha unawekwa kwenye mchanganyiko wa Hoyer: maji yaliyotoneshwa mililita 50, gundi ya Arabuni gramu 30, kloralihaidreti gramu 200 na glisarini mililita 20. Gundi iyeyuke kabisa kwenye maji kwanza, halafu kloralihaidreti, glisarini mwisho, na mchanganyiko uchujwe. Kloralihaidreti ni kemikali ya kudhibitiwa, usihangaike kuitafuta mwenyewe. Utaitumia ukiwa ndani ya maabara ya taasisi, na kwa sasa slaidi za muda za asidi ya laktiki zinatosha. Slaidi ikauke kwenye joto la nyuzi 40 hadi 50 kwa wiki moja au zaidi, ndipo pembezoni mwa kioo cha kufunika pazibwe kwa rangi ya kucha au vanishi. Ukiziba mapema unyevu unabaki ndani. Usipoziba kabisa, baada ya miaka kadhaa utakuta fuwele zimefunika utitiri. Panga baadhi wakiwa wamelala kifudifudi na wengine chali, maana funguo za utambuzi zinauliza pande zote mbili.

Utauliza, kwa nini kuhangaika na nywele na vikonyo wakati kuna vinasaba? Tazama kilichotokea kwa nyuki. Kwa miongo kadhaa utitiri ulioua makundi ya nyuki Ulaya na Marekani uliitwa Varroa jacobsoni, jina lililotolewa na Oudemans mwaka 1904 kwa utitiri wa nyuki wa Java. Mwaka 2000 Anderson na Trueman walilinganisha vinasaba na vipimo vya mwili, wakaonyesha kuwa mharibifu ni spishi nyingine, wakaiita Varroa destructor. Makala nyingi za kisayansi zilikuwa zimebeba jina lisilo lake. Kilichowawezesha kuligundua ni kutumia njia zote mbili kwa pamoja. Jifunze hivyo hivyo: toboa mwili wa utitiri kwa sindano nyembamba, uloweke usiku kucha kwenye kimiminika chenye kimeng'enya cha protinesi K kwenye nyuzi 56, chukua vinasaba, halafu ganda linalobaki lifanye slaidi. Utakuwa na jina la vinasaba na ushahidi wa umbo kutoka kwa utitiri mmoja.

Varroa uko Afrika Mashariki pia, ingawa nyuki wetu wanauhimili kuliko wa Ulaya. Kuupima ni rahisi: nyuki 300 hivi kutoka sega lenye majana, yaani watoto wa nyuki (hakikisha malkia hayumo), kwenye chupa yenye mfuniko wa wavu, vijiko viwili vya sukari ya unga, tikisa dakika moja, acha dakika mbili, kung'uta juu ya sahani nyeupe. Utitiri ulioanguka ugawe kwa idadi ya nyuki, zidisha kwa 100.

Kuhusu masomo, shahada ya uzamili ni lazima. Nelson Mandela pale Tengeru ni jirani yako kabisa na ina shule ya sayansi za viumbe. SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, ni imara upande wa vimelea vya mifugo. Usirudi kuanza udaktari wa mifugo wa miaka mitano isipokuwa unataka kutibu. Ndani ya uzamili jifunze mambo mawili ambayo wapenda utitiri huyakimbia: takwimu kwa programu ya R, ambayo ni ya bure, na kuandika andiko la kuombea fedha. Kwa uzamivu, angalia ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu jijini Nairobi, na mpango wake wa mafunzo ya uzamivu wa ARPPIS, au Chuo Kikuu cha Pretoria, ambacho kitivo chake cha veterinari kipo Onderstepoort, mahali penye historia ndefu ya kupe. Ukitaka kujua mtu mmoja anaweza kufika wapi, soma kazi za Alain Fain, daktari wa Ubelgiji aliyefanya kazi Kongo na Rwanda kabla ya kuwa profesa Antwerp. Alieleza spishi nyingi mno za utitiri, wakiwemo wanaoishi puani mwa ndege.

Vibali usivichukulie kama jambo la mwisho. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, hutoa kibali cha utafiti, wanyamapori hupitia TAWIRI, na utafiti unaogusa binadamu unahitaji idhini ya maadili ya NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, pamoja na ridhaa ya mzazi kwa kila mtoto utakayemkwangua. Kusafirisha sampuli nje ya nchi kunahitaji mkataba na kibali chake. Haya huchukua miezi. Mwanafunzi anayeanza kuyafuata baada ya kupata ufadhili humaliza nusu ya muda wake ofisini, na sampuli alizokusanya bila kibali hakuna jarida la maana litakalozipokea.

Hadubini usinunue kwa sasa. Zile za bei nafuu zinazouzwa mtandaoni zina lenzi za plastiki na hazina kidirisha cha kupunguza mwanga, kwa hiyo hutaona vikonyo. Ya kliniki, yenye lenzi za 4, 10 na 40, inakutosha mwaka huu. Akiba yako itumie kwa vitu vitatu: tyubu za kufunga kwa kuzungusha, ethanoli nzuri, na rula ndogo ya kioo inayowekwa ndani ya lenzi ya jicho. Rula hiyo lazima ipimwe upya kwa kila lenzi, kwa kutumia slaidi ya vipimo ambayo maabara ya chuo itakuazima. Usipoipima, namba zako zote ni za kubuni.

Baada ya miezi mitatu uwe na tyubu thelathini au arobaini zenye lebo kamili, michoro, na daftari linaloonyesha pia mbwa ambao hukuona kitu. Hapo ndipo umwandikie mhadhiri mmoja, siyo kumi kwa barua moja. Mistari isizidi kumi na mitano: wewe ni nani, una sampuli gani, kutoka kwa mwenyeji gani, umeona nini, na swali moja unalotaka kulijibu. Ambatanisha picha mbili na mchoro mmoja. Asipojibu baada ya wiki mbili, mkumbushe mara moja, kisha nenda ofisini kwake Tengeru ukiwa na boksi lako la slaidi mkononi.